Dirisha la Vizazi na Vifo

Walipokuja kupima kuta kwa kile kitaa chekundu
nilikuwa nimestaafu mwaka wa nne,
ila ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa kwangu bado.
Hakuna aliyewahi kuudai.

Jumba la Baraza, Trehelyg: mawe yaliyolamba moshi karne nzima,
ngazi kumi na moja, reli ya chuma upande wa kushoto tu,
na saa ya mnara iliyogoma saa tisa kasorobo
wiki ile ile mgodi ulipofungwa.
(Watu husema hivyo. Mimi nadhani ilikuwa kutu.)

Paa lilipoanza kuvuja tuliweka ndoo,
ndoo zikawa nyingi kuliko madiwani,
ndipo Baraza likahamia jengo la vioo kando ya barabara kuu,
likatuachia jumba kama koti
la mtu aliyenenepa.

Mkutano wa hadhara: ukumbi wa sanaa, au maegesho ya magari.
Elfed Pugh, diwani mstaafu, akasimama na tai yake:
"Maigizo? Ndani ya nyumba ya sheria?"
Nikamwambia, Elfed, kiti kile kile
ulikikalia miaka ishirini ukiigiza kwamba unasikiliza.
Wakacheka mpaka wa nyuma kabisa,
mwisho naye akacheka, akapiga kura ya ndiyo.
Hesabuni hivyo kuwa vichekesho vya kwanza.

Msanifu, Iestyn, kijana wa ndevu chache,
alinizungusha na makaratasi yake.
Chumba cha madiwani: jukwaa.
Ghala la mafaili: taa na nyaya.
Chini, zile seli tatu: waigizaji watavalia humo.
Katika ya pili Caradog Beddoe alilala usiku mmoja, mwaka wa mgomo,
kwa kosa la kumrushia polisi kiazi.
Kiazi kilichochemshwa, alisisitiza hivyo hadi anakufa.
Leo mjukuu wake Tegwen anapaka wanja mle mle,
jina lake limebandikwa kwenye mlango wa chuma,
na mlango, kwa amri ya zimamoto, hauna tena komeo.

"Na hapa?" Iestyn akauliza.

Hapa dirisha langu.
Vizazi kushoto, vifo kulia,
foleni mbili, karani mmoja, chupa moja ya wino.
Aliyeshika kofia mkononi sikumwuliza foleni yake.
Niliwaandika mapacha wa Olwen, Jumatatu, kushoto,
na mmoja wao, Alhamisi, kulia.
Nilimwandika Idwal wangu kwa mkono huu,
maana zamu ilikuwa yangu.
Mwandiko haukutetemeka. Nimekwisha kuurudia kuutazama.

"Hapa," akasema, akigusa mbao kwa adabu,
"tumefikiria baa."

Nilikaa na neno hilo majuma kadhaa
kama kokwa mdomoni, hulimezi, huna pa kulitemea.

Usiku wa ufunguzi mvua ilikuwepo, ila nje.
Tiketi pauni kumi na nane; Jumanne bure kwa mitaa ya juu,
hilo tulilipigania kwa barua tisa.
Saa haikutengenezwa, fedha ziliishia kwenye viti.
Majina ya waliokufa vitani yamebaki ukutani
na vijana wanasubiriana chini yake,
bega la mmoja limeegemea ukoo mzima wa kina Powell.
Vitasa vimebadilishwa vyote. Ufunguo wangu haufungui kitu.
Niliubeba hata hivyo.

Nikasogea dirishani, upande ule usio wangu.
Kijana ana kijitabu cha oda, kalamu tayari,
wala hakuinua macho:
"Nikuandikie nini?"

Miaka thelathini na moja nilikaa alipokaa yeye
nikiuliza, Nikuandikie nani?
Irabu moja tu imebadilika.

"Bia nyeusi," nikasema. "Mbili."
Akachungulia nyuma yangu, hakuona mtu,
akaandika mbili.