Benchi la Nne

Ufunguo huu ni mzito kuushinda mlango.
Raili kautoa mfukoni mwa aproni,
akanipa, akarudi kumenya viazi.
"Ukimaliza, utundike msumarini."
Ndiyo tiketi hiyo.

Ndani, lami ya msonobari yanikaa kooni.
Mashua imelijaza banda
kama ulimi ulivyojaa kinywani,
ulimi wa mtu aliyekatizwa katikati ya neno,
asiulizwe tena alitaka kusema nini.

Nahesabu makasia. Kumi na manne.
Kila moja lina chale shingoni:
msalaba, uma, kwato, nyota iliyomshinda mchongaji.
Alama za kaya, asije mtu Jumapili
akadai lile jepesi ndilo lake.

Ukutani pana orodha ya majina, rangi imebanduka.
Benchi la kwanza, Eeva-Stiina na nduguye.
La nne: Iivari, Taavetti.

Napanda. Nakaa papo hapo, benchi la nne.
Ubao umelika mabonde mawili ya makalio,
nami najaza moja.

Basi nawaona. Saa tisa za usiku, mwezi Juni,
jua la Ufini limekataa kulala,
kijiji kizima chashuka miguu mitupu,
viatu vimefungwa vitambaani, havivaliwi
mpaka gati ya kanisa, maili nane za ziwa.
Omoni kichanga kinalia, kinaendea ubatizo wake.
Tezini jeneza limetulia.
Katikati mikate myeusi, vitabu vya nyimbo, chafya.
Msichana anatema mate viganjani,
mtu anasema haya,
na makasia yote yanaingia majini, chubwi,
mara moja.

Iivari namfanya mnene, mcheshi.
Taavetti nampa tumbaku, amkatie mwenzake.
Nawatungia kisa cha ng'ombe aliyekula kofia ya kasisi,
wanacheka hadi wanapoteza mpigo,
wanakemewa kama watoto.
Nashika kasia kwa mikono miwili, niingie nao.
Halinyanyuki.

Jikoni namsimulia Raili.
Kisu kinasimama.

"Taavetti ni babu yangu," asema.
"Yeye na Iivari hawakusemezana miaka kumi na tisa.
Mtaro. Nani auzibue."
Ganda refu linaanguka ndooni.
"Walikaa pamoja kwa kuwa kaya zao ziliandikwa pamoja.
Bega kwa bega, kila Jumapili,
wakitazama mgongo wa mtu wa mbele."

Anachagua kiazi kingine, anakigeuzageuza.

"Siku ya kumzika babu palikaa kijana mahali pake.
Iivari alimwinua kwa ukosi, kimya,
akavuta makasia mawili,
maili nane kwenda, maili nane kurudi,
viganja vikachubuka.
Hata kahawa ya matanga hakunywa."

"Na ule mtaro?"

"Umeziba. Nenda kaunuse."

Ananisogezea kiti, na kisu cha pili.
Nakaa, na ufunguo wanichoma pajani:
msumari nimeusahau.