Safu ya Sababu

Chumba changu kilikuwa stoo ya chaki.
Mpaka leo ukikaa sana unapiga chafya nyeupe.
Viti viwili, kimoja kimefungwa kamba ya usumba,
na hicho ndicho ninachokalia mimi,
aliyekuja na mzigo asije akaanguka tena hapa.

Kule Unguja, kwenye mafunzo ya wiki mbili,
tulipewa faili la fomu za utoro:
jina, darasa, siku alizokosa,
na mwisho safu ya sababu,
nyembamba, upana wa vidole viwili.
Vidole viwili, kwa maisha ya mwana wa watu!

Shaame alikuja Jumamosi, skuli imefungwa,
bila sare, mkononi kitabu cha Biolojia.
"Mwalimu, nimekuja kurudisha."
Vidole vimemganda utomvu wa karafuu.
Nikajua, au nilidhani nimejua:
ni msimu, pishi inalipa, nyumbani hakuna baba.
Kalamu ilikwishafika kwenye safu.
Ningeandika "karafuu", ningefunga faili,
ningekwenda zangu kukuna nazi.

Lakini kitabu hakukiweka mezani.
Alikishika kama mtu anayeuza kuku asiyetaka kumuuza.
Nami nikanyamaza.
Kunyamaza hakumo kwenye fomu;
nilikujifunza kwa mama mkwe wangu,
aliyekuwa akimsikiliza mtu
mpaka chai ya maziwa ikashika utando.

Kunguru akatua juu ya bati, akakwaruza, akaondoka.
Ndipo Shaame akasema, kama anayekiambia kitabu:
"Mwalimu wa darasa akiita majina
husahau. Huniita Asaa."

Asaa ni kaka yake.
Aliteleza mkarafuuni mwaka jana, Mfunguo Nne;
tawi likabaki na pakacha, ardhi ikabaki naye.
Shati la skuli likashuka kwa mdogo mtu,
kolani herufi A kwa uzi mwekundu,
uzi wa mama, hautoki, wala mama hataki utoke.
"Na wewe huitika vipi?"
"Husema nipo."
Akacheka, kicheko kikamkwama kooni.
"Mwalimu, nimechoka kumwitikia maiti."

Sikumpa methali. Ninazo, za kujaza kapu.
Nilimpa maji kwa kikombe cha bati,
nikamuuliza Asaa alikuwa mtu wa namna gani,
naye akanieleza hadi adhana ya alasiri:
alivyoiba sukari, alivyolala mdomo wazi,
alivyomfundisha kugawanya kwa kokwa za kungu.

Mama yao nilimfuata Mtambwe kwa miguu.
Nilimkuta jamvini anachambua,
nikakaa nikachambua naye,
konyo huku, karafuu huku.
"Huyu akisoma, nani atapanda?"
Sikuwa na jibu.
Tulimaliza pishi nzima bila jibu.
Mwisho akasema, bila kunitazama:
asubuhi skuli, mchana shamba, mpaka msimu uishe.
Si ushindi. Ni nusu siku.

Mwalimu wa darasa nilimwandikia kikaratasi:
"Jina lake Shaame."
Aliona haya, mtu mzima yule,
akaniomba nisimwambie mkuu.

Sisemi wote hurudi.
Rukia wa kidato cha pili alikaa kiti hiki hiki,
akanihadithia kila kitu ila tarehe ya harusi.
Kalamu yake imo ndani ya mtoto wa meza yangu,
imekauka. Siitupi.

Jumatatu Shaame hakuja.
Jumanne nilisimama nje ya darasa lao,
najifanya nasoma ubao wa matangazo.
Jina likaitwa, lake hasa.
Kimya. Benchi likalia.
Halafu "Nipo",
kwa sauti nzito kidogo, ngeni,
kama ndiyo kwanza inavaliwa.

Nikarudi stooni kwangu.
Ile safu mpaka leo i tupu.
Mkaguzi akija nitamwambia nafasi haikutosha.
Akiuliza na kitabu cha Biolojia,
nitamwambia hakijarudishwa.