Kuku Aliyeitwa Tasa

Shangazi Kavugwi aliposhuka Luanda
na kikohozi chake cha kutangulia mlangoni,
mama alinipa kisu, akaniashiria yule kuku wa madoa:
"Wiki tatu hajataga. Atakula mahindi ya watu hadi lini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilijua kukanyaga mbawa, kunyonyoa kwa maji
yaliyopata moto bila kutokota, ngozi isichanike.
Nilijua firigisi ina mwenyewe.
Mengine yote yalikuwa matumbo, chakula cha paka.

Mama akapasua, akatia mkono hadi kifundo,
akatoa maini, akaitenga nyongo,
kisha akanyamaza.

Kushoto, chini ya uti wa mgongo, kulikuwa na kishada:
kiini kikubwa kama limau dogo, kingine kama zambarau,
kingine kama kunde, kisha ulezi, kisha vumbi la manjano
ambalo jicho langu liliacha kulihesabu.
Chini yake mrija mpana, umejikunjakunja
kama utepe uliolowa,
na mwishoni mwa mrija, yai zima,
ganda lake bado laini kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Hili la kesho," alisema mama,
akigusa kwa ncha ya kisu, moja moja.
"Hiki cha kesho kutwa. Cha mtondo. Cha mtondogoo."
Aliishiwa na majina ya siku kabla ya kuishiwa na viini.

Leo namchora kuku huyo ubaoni, Kisumu, kidato cha pili.
Ovari ni ya kushoto; ya kulia hudumaa kuku hajaanguliwa.
Kiini kikichopoka, faneli hukidaka.
Saa tatu za ute, saa moja na ushei ya utando,
kisha chokaa, saa ishirini za chokaa,
nyingi za usiku, mifupa yake mwenyewe ikikopwa.
Wasichana huuliza, "Na jogoo?"
Yai halimngoji jogoo, nasema.
Mbegu zake zikija hujibanza kwenye mikunjo, wiki mbili na zaidi,
zikivizia kiini kinachopita kabla hakijavaa.
Hucheka hapo kwenye "kabla hakijavaa". Kila mwaka.

Siwaambii habari ya shangazi,
jinsi alivyomwita mama tasa, sokoni, mbele ya wauza omena,
miaka sita mfululizo, mpaka nilipozaliwa mimi
(na hata hapo alisema, "Msichana?").

Mama hakukitupa kile kishada.
Alikitia mchuzini mwishoni, viini vikawa vigumu kama shanga,
akavipanga juu ya bakuli la shangazi, vyote,
kikubwa hadi kidogo.
Firigisi akampa baba.
Shangazi alilitazama bakuli. Akala. Hakukohoa.

Yai laini nilipewa mimi. Lilikuwa na joto bado.
Nilipolibonyeza kwa kidole gumba
lilibaki na alama yangu.

Na Jumapili, nikikata majani ya ng'ombe
mpakani na shamba la Jendeka,
nikafunua shina la matete, nikakuta mayai kumi na manne,
safi, baridi, yamelazwa kwa mpango
kwenye shimo lililochongwa na kifua.