Za Mwizi Arobaini na Moja

Kilianza kitabu cha nyota,
kikafuata cha dawa za mitishamba,
kisha vitatu kwa mpigo, rafu ya Kiswahili,
ile ya chini kabisa, karibu na kiyoyozi,
ambako hainami mtu ila mimi.

Muhenna, mkutubi wetu hapa Ibra,
alisema ni wavulana wa shule.
Nikacheka. Wavulana waibe sarufi?

Miaka thelathini nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi;
nimezoea kusoma alama ndogo:
ukucha, pumzi, jasho la mdomo wa juu.
Nikanunua daftari la baisa mia mbili,
nikaandika tarehe za mapengo.
Zote Jumatano.
Jumatano ni siku ya soko la wanawake.

Kamera inatazama mlango tu, kama mume mwenye wivu.
Mimi nikatazama sakafu.
Nikaokota kipande cha ndimu kavu, cheusi,
nikakinusa: mtu huyu
anapika mchuzi kuliko mimi.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini.
Nilihesabu vitabu: arobaini na kimoja.
Wahenga hawakuwajua wanawake wa Ibra.

Nikajibanza nyuma ya makamusi.
Akaja Bi Shinuna, muuza bizari na ndimu kavu,
akapiga goti polepole, goti likalia.
Hakusoma jalada. Alifungua katikati,
akatafuta pembeni mwa ukurasa
mwandiko wa penseli uliolala
kama mtoto wa mchana.
Akausoma kwa kunong'ona, nami nikasikia:
"Si kweli hii. Nimuulize Shinuna."
Akacheka peke yake. Akakibusu,
akakitia kikapuni, chini ya ndimu.

Hapo nikakumbuka masanduku saba
ya Mwalimu Mattar, mumewe,
aliyoyabeba kutoka Unguja kabla ya nguo zake.
Wanawe waliyatoa sadaka
hata eda ya mama haijaisha.

Nikatoka. Tukatazamana.
Sikuwa na pingu, nilikuwa na daftari.
"Bado vingapi?"
"Tisa," akasema, bila kuinuka.

Ripoti yangu kwa Muhenna ina neno moja:
Mchwa.

Alhamisi wakaja watu wa dawa, wakapuliza rafu nzima,
na Jumatano iliyofuata tulipiga chafya wawili,
yeye akifunua kurasa,
mimi nimemshikia kikapu.