Mteremko wa Bomba

Zuwena ameliondoa gari gerejini tangu Ijumaa,
linalala juani, usukani haushikiki kwa mkono mtupu.
"Kwa ajili ya hewa," anawaambia dada zake kwa simu.
"Mume wangu anaijengea hewa nyumba."

Hasa. Hewa ya Mabela mwezi wa saba
si ya kuachiwa ipite vivi hivi:
nzito, ina chumvi, inakuvisha ukungu kwenye miwani
ukitia mguu nje tu, mpaka usimame, upanguse, ndipo uone.
Kompresa inaimeza, inatetemeka kama mbuzi aliyetiwa kamba,
inaisonga tangini hadi geji isome mia na ishirini,
kisha inanyamaza. Kimya chake nacho kina uzito.

Shabib wa nyumba ya pili alileta mabomba ya plastiki,
meupe, yaliyobaki alipojenga choo cha wageni.
"Ya bure haya. Maji yanapita, hewa itashindwaje?"
Nikamwambia: bomba la maji likipasuka, utalowa.
Hewa iliyosongwa, plastiki ikishachoka kwa joto,
hupasuka vipande, na kila kipande ni kisu.
Akacheka. Akayaacha mlangoni hata hivyo.
Zuwena kaanikia taulo.

Mimi nikaenda Wadi Kabir, nikanunua shaba kwa Mofizul,
anayepima kwa shubiri na hakosei.

Kazi haiko kwenye kukaza. Iko kwenye mteremko.
Kila mita, sentimita moja chini,
jicho lisione, maji yajue.
Kwani hewa ya pwani hii ukiikamua hutoa jasho,
na jasho likifika kwenye bunduki ya rangi
huchora vidonda juu ya mlango wa gari la watu.
Ndiyo maana matawi hayatoki tumboni mwa bomba.
Yanatoka mgongoni, yanapanda kwanza,
yanajikunja kama shingo ya bata, ndipo yanashuka.
Maji hayajui kupanda. Yanapita zao
hadi koki ya mwisho, kule pembeni, karibu na ndoo.

Kila magharibi naifungua: kikombe kizima,
rangi ya chai ya maziwa.
Mama akauliza kama yanafaa kwa mrehani wake.
"Yana mafuta, mama."
"Hata hewa?" akasema. "Nchi hii!"

Usiku wa kwanza niliacha mia na ishirini.
Alfajiri, baada ya sala, nikakuta tisini.
Paundi thelathini zimeondoka bila kuaga.
Nikazima kiyoyozi, nikazima feni,
nikachomoa hata friji ya soda, nikasikiliza.
Viungo ishirini na tatu, na masikio yangu
yameliwa na miaka kumi na tisa ya grainda.

Munthir akaja na povu la sabuni ndani ya bakuli.
Ana miaka tisa. Kiswahili hukisikia, hakitamki;
nikimsemesha kwa lugha ya bibi yake
hunijibu kwa lugha ya shule.
Akapaka kwa brashi, kiungo baada ya kiungo,
ulimi nje, kama anayepaka siagi mkate wa mgeni.
Cha kumi na saba, nyuma ya kabati la skrubu,
povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.
Akaegemeza sikio.

"Baba, hapa inalia."

Inavuja, nilitaka kumsahihisha. Neno
lilinifika mpaka kwenye meno.
Nikalifungia koki.
"Inalia wapi?"
"Hapa. Inalia pole pole."

Spana. Robo mzunguko.
Povu likatulia, likawa sabuni tu.

Leo alfajiri geji imesoma mia na kumi na nane.
Mbili sijui zimekwenda wapi.
Zuwena anauliza gari litarudi lini.