Vibao vya Betula

Sauna yetu haijawashwa tangu mwaka juzi.
Juu ya benchi tulipozoea kukaa uchi, tukitokwa jasho
na kuwasengenya majirani,
sasa wamekaa wao: sidii mia nane na ushei,
migongo wima, kavu, kimya,
kama wageni walioaga kwao kwa siku mbili.

Nyingine elfu mbili zimeshika ukumbi,
uvungu wa kitanda, kabati la mablanketi,
na rafu ya jikoni iliyokuwa ya sufuria.

Tauno alikuwa tarishi wa posta, hapa Kuopio,
miaka thelathini na minne.
Hapangi kwa alfabeti. Alfabeti, anasema, ni ya watu wa maktaba.
Yeye hupanga kwa anwani:
kila diski inakaa mji wa duka ilikonunuliwa,
kaskazini juu, kusini karibu na sakafu,
za ng'ambo peke yao, juu ya jokofu.
Mwulize kinanda fulani, atafumba macho,
vidole vitatembea barabara kwa barabara,
na mlango atakaobisha ndio wenyewe.
Mimi hupotea kabla ya kona ya kwanza.

Januari, ziwa limeganda hata magari yanapita juu,
nikamwambia: Nataka mvuke wangu.
Hakujibu.
Kesho yake alirudi na bahasha laini elfu tatu
na mifuko ya taka.

Wiki tatu tulikuwa wachinjaji.
Kasha huvunjwa, bawaba hulia kach,
karatasi ya mbele, diski, karatasi ya nyuma,
vyote ndani ya bahasha nyembamba kama ganda la kitunguu.
Palipojaa diski kumi sasa zinaingia arobaini.
Plastiki tupu tuliishusha kwa lifti, mifuko kumi na saba,
na Bi Hilppa wa ghorofa ya tatu akasimama mlangoni
akihesabu kwa midomo.

Ndipo nikaanza kukuta vibao.
Vya mti wa betula, vimepigwa msasa, unene wa kasha moja,
kila kimoja kimesimama baina ya diski mbili
kikishika nafasi. Na ubavuni, kwa penseli:
*Ilmari, Septemba 1994.*
*Daktari wa meno.*
*Kijana wa ngazi B, anasema wiki moja.*
Vibao sitini na kimoja.

"Hawa hawarudishi," nikasema. "Ilmari tulimzika."
"Tulimzika Ilmari," akasema,
"diski hatukuizika."
Nikahesabu kwa sauti: sitini na moja,
nusu mita na zaidi ya ukuta, kwa ajili ya hewa!
Akapangusa kibao kwa mkono wa sweta, akakirudisha.

Usiku nilisikia kitu kikikwaruza baridini.
Yuko roshani, kofia hadi kwenye nyusi,
randa mkononi, anavikondesha kimoja kimoja
kwa upande usio na jina,
hadi vilingane na bahasha.
Maranda yalianguka juu ya theluji
na sikuweza kuyatofautisha.

Cha mwisho alinipa mimi nikirudishe.
Mtaa wa Iisalmi, rafu ya tatu.
*Orvokki,* kimeandikwa. *Alisema Jumapili.*

Nilikuwa na koti la kuazima, na diski ya kuazima,
na jina lake nilikuwa sijalishika vizuri.
Diski hiyo iliingia nyumba hii ndani ya sanduku langu
siku tuliyooana, ikalala humu humu
miaka kumi na mmoja, hatua sita kutoka kwenye pengo lake.

"Dawa ya deni," akaanza.
"Naijua," nikasema.

Jumamosi tuliwasha jiko la sauna.
Maji ya kwanza juu ya mawe yalinuka vumbi na karatasi,
ya pili yakanuka mawe.
Tukawasengenya majirani, tukaanza na Hilppa.

Kibao kimesimama mahali pake, chembamba, na jina langu.
Diski ingali chini ya nyuzi za kushonea.
Nilisema Jumapili.
Sikusema ipi.