Ngazi Zisizofika Popote

Valparaíso, ghorofa ya tatu ya hospitali.
Dirishani naviona vilima nilivyovipanda miaka thelathini na minne
na mtungi wa gesi begani:
kilo kumi na tano, bila kulihesabu jua.

Leo sibebi kitu. Nimevuliwa shati.
Binti aitwaye Millaray ananinyoa kifua kwa wembe wa plastiki,
mvi zangu zinadondokea karatasini,
kisha ananibandika vifungo kumi vya baridi,
nyaya zinaning'inia kama mizizi ya kitunguu.
"Don Eleuterio," asema, "hapa hakuna kushinda.
Moyo ukiwa umekaa, kila moyo ni muungwana.
Tunataka kuuona unapodaiwa."

Namweleza ilivyokuwa:
ngazi ya tisini na kitu, kwa mjane Hortensia,
mkono ulinikaba kifuani,
nikakaa, ukaniachia.
Nikamwambia mke wangu ni gesi.
Nolfa akauliza, ya mtungi au ya maharage?
Mara ya pili hakucheka.

Mkanda unaanza.
Mwendo wa mtu anayekwenda kulipa deni.
Dakika tatu, unainuka, unaongeza kasi.
Millaray ananibana mkono, anasoma presha, anaandika.
Dakika tatu nyingine. Mwinuko wa kwetu huu, miguu yangu inaujua,
ila hapa hakuna mlango juu,
hakuna bibi wa kusema weka hapo jikoni, mwanangu.

Ametoa miaka yangu sitini na miwili kwenye mia mbili na ishirini,
akakata tena kidogo:
mapigo mia na thelathini na manne, anataka nifike hapo.
"Uchovu, moja hadi kumi?"
Nne, nasema.
Ni saba.
Kwenye kioo, kilele, bonde, kilele,
mji wangu mzima umechorwa kwa rangi ya kijani
na mchoraji asiyejua kunistahi.

Daktari Ossandón anasogea.
Anagusa kioo kwa kalamu: kati ya kilele na kilele
njia ilipaswa kuwa tambarare,
nayo inazama. Milimita mbili.
Nimeruka mashimo makubwa kuliko hayo, nikiwa nimelewa.
"Kuna maumivu?"

Piga moyo konde, alinifunza baba,
nami niliupiga, kila ngazi, kila asubuhi,
sikuwahi kujiuliza
anayepigwa ni nani.

"Yapo," nasema. "Hapa. Yanapanda taya."
Neno dogo vile. Bega langu halijawahi kutua mzigo kama ule.

Mia na ishirini na moja. Wanausimamisha mkanda.
Wananilaza, dawa chini ya ulimi,
karatasi inaendelea kutoka mashinani
na dakika ya sita bonde limejaa.
Daktari anasema "huenda" mara tatu:
huenda mshipa umebana, huenda zaidi ya mmoja,
huenda kifaa kimekosea, hutokea, ndiyo maana watapiga picha.
Kuhusu mitungi hakusema huenda.

Nje, Nolfa ananivisha shati.
Anaona duara nyekundu za gundi, anazihesabu kwa kidole,
hasemi neno.
Tunafika chini ya kilima, penye lifti ya reli
niliyoicheka ujana wangu wote na wachukuzi wenzangu.
Natoa sarafu
za watu wawili.